Mlima Usio na Sultani

Tarehe 27 Februari 1885, siku moja tu baada ya wakubwa wa Ulaya kufunga mkutano wao wa Berlin, Kaisari Wilhelm I wa Ujerumani alitia saini hati iliyoziweka nchi nne za bara chini ya ulinzi wake: Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Ukami ni jina ambalo wageni wa siku zile waliipa nchi yote iliyoanzia tambarare za mto Ruvu ikapanda mpaka Milima ya Uluguru. Kwa saini moja, kilele cha Kimhandu chenye zaidi ya mita 2,600, Lupanga inayoukalia mji wa Morogoro kichwani, mabonde ya Mgeta, Matombo na Kinole, vyote vikahesabiwa kuwa chini ya kampuni ya vijana wa Berlin ambao wengi wao hawakuwa wameikanyaga Afrika. Huko mlimani hakuna aliyeambiwa.

Kutoka hati ile hadi ghasia za Matombo za Julai 1955 ni miaka sabini, na mimi naisoma miaka hiyo kama habari ya wageni wanaomtafuta mtu mmoja wa kusema kwa niaba ya mlima. Wajerumani walidhani wamempata. Waingereza, walipoona hayupo, wakamtengeneza.

Kwa nini hakuwapo? Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na cheo cha mkuu wa ukoo hakishuki kwa mtoto wa kiume wa marehemu bali kwa mpwa wake, mtoto wa dada. Ardhi ilikuwa ya ukoo. Kila bonde, kila mgongo wa kilima, ulikuwa na wenyewe wanaojulikana, na mkuu wao ndiye aliyegawa mashamba, akasuluhisha magomvi ya mipaka na kutambika kwenye makaburi ya wazee. Mtu wa ukoo mwingine aliweza kupewa shamba alime, akatoa ada ndogo ya kila mwaka kwa heshima ya wenye ardhi, lakini hakuruhusiwa kupanda miti ya kudumu. Mti ukishakua, mwenye mti huanza kusema shamba ni lake. Jambo hili la mti litarudi mbele, maana ndilo lililowashinda mabwana shamba wa Kiingereza kulielewa.

Walikuwapo watu wakubwa, hilo halina ubishi. Kingalu wa Kinole alijulikana mlima mzima kwa mvua. Ukame ulipozidi, hata koo za mbali zilipeleka kwake zawadi. Kusini, Kolero, Hega alikuwa mlinzi wa pango la Kolelo, mzimu uliosikilizwa na watu wa makabila mengi, toka Uzaramo hadi Ukutu. Lakini mwenye mvua si mwenye amri. Kingalu hakuweza kumnyang'anya mtu wa Mgeta shamba lake, na wala hakuwahi kufikiri kwamba angeweza.

Chini ya mlima mambo yalikuwa mengine. Katikati ya karne ya 19 Mzigua mmoja, Kisabengo, alikusanya watu wa kila namna, wakimbizi, watoro na mashujaa wa kukodi, akajenga mji chini ya Lupanga kando ya mto. Sifa yake pwani haikuwa nzuri. Wasafiri wanamtaja kama mtekaji wa watu. Aliuzungushia mji wake ukuta wa mawe wenye minara kwenye pembe. Baada yake alitawala binti yake, Simbamwene, na mji ukaitwa kwa jina hilo.

Henry Morton Stanley alipita hapo Aprili 1871 akimtafuta Livingstone. Aliukadiria mji kuwa na watu 3,000 au zaidi, na akausifu ukuta wake kwa namna ambayo hakuzoea kuvisifu vitu vya Waafrika. Kisha akagombana na mwenye mji. Mpishi wake alikuwa ametoroka, akatuma watu kumsaka, nao wakakamatwa na Simbamwene, wakafungwa minyororo na kunyang'anywa bunduki, kwa madai kwamba msafara haujalipa hongo yake sawasawa. Stanley alikwisha kulipa na hakutaka kulipa tena. Mfanyabiashara Mwarabu ndiye aliyewaombea wale askari mpaka wakaachiwa. Ukisoma kisa hiki kwa macho ya Stanley utaona mwanamke mwenye tamaa. Ukikisoma kwa macho ya mji, utaona dola ndogo inayotoza ushuru barabarani, kama dola zote zifanyavyo, na inayojua kumshika asiyelipa. Mwaka uliofuata, wakati wa tufani kubwa ya Aprili 1872 iliyoangusha minazi na mikarafuu Unguja, mafuriko yakabomoa sehemu ya ukuta na nyumba nyingi. Simbamwene haikurudi tena kuwa ngome iliyokuwa.

Kwa hiyo Mzungu aliyepita barabara ya misafara alimwona mtawala, ukuta, hongo na askari, akainua macho akauona mlima, akadhani wa juu ni raia wa wa chini. Kosa hilo lilikuwa rahisi. Waluguru wengi walikuwa wamepanda huko juu, vizazi kadhaa nyuma, na sababu mojawapo ya kubaki huko ilikuwa hao hao wenye kuta na bunduki wa tambarare. Mapadri wa Roho Mtakatifu, Wafaransa wengi wao, ambao walikuwa Bagamoyo tangu 1868, walifungua misheni Morogoro mwaka 1882, na baadaye Matombo. Hao walipanda mlima kwa miguu na kujifunza lugha, wakafika kujua nani mwenye bonde lipi. Wanasiasa wa nchi zao hawakuwa na haja ya habari ndefu namna hiyo.

Carl Peters alifika Unguja Novemba 1884 pamoja na Karl Jühlke na Joachim von Pfeil. Alikuwa na umri wa miaka 28. Chama chao cha Ukoloni wa Kijerumani kilikuwa na fedha kidogo na haraka nyingi. Walivuka kwenda bara kupitia Saadani, na katika wiki chache wakawa na mikataba kama kumi hivi. Peters mwenyewe ameeleza ilivyokuwa: walifika kwenye makazi, wakanywa pamoja na mkuu wa mahali, wakatoa zawadi, wakasoma karatasi ya Kijerumani, wakapandisha bendera, wakamshangilia Kaisari na kupiga bunduki hewani kuonyesha ni nini kitakachowapata wakaidi. Mkataba maarufu kuliko yote ni wa Mangungo wa Msowero, Usagara, leo wilayani Kilosa. Karatasi inasema alitoa nchi yake na haki zake zote kwa matumizi ya Wajerumani.

Watanzania tumemfanyia Mangungo jambo la ajabu. Jina lake limekuwa tusi. Mbunge akitaka kuuponda mkataba wa madini au wa bandari, anasema ni mkataba wa Chifu Mangungo, na ukumbi mzima unacheka. Lakini hebu fikiria alichokiona yeye: mgeni mwenye njaa na homa anayetaka urafiki, ana zawadi, anaondoka kesho. Nchi ambayo si yake peke yake asingeweza kuiuza hata angetaka, kama ambavyo mwenyekiti wa kijiji leo hawezi kuuza makaburi. Ulaghai ulikuwa katika kujifanya kwamba upo mwenye kuuza. Peters alirudi pwani kupitia Ukami akiwa mgonjwa, amebebwa kwenye machela na wapagazi, na machela hayo hayakupandishwa mlimani. Kabla Machi haijaingia alikuwa ameshaipata ile hati ya Kaisari. Baadaye huko Kilimanjaro alimnyonga mtumishi wake na msichana wa Kiafrika, na mwaka 1897 serikali yake yenyewe ikamfukuza kazi. Huku kwetu alishapewa jina la Mkono wa Damu.

Sultani Barghash wa Unguja alipinga, maana aliihesabu barabara ya misafara kuwa yake. Agosti 1885 manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya kasri lake, naye akanyamaza. Yaliyofuata yanajulikana: mipaka ya 1886, kukodishwa kwa pwani 1888, vita vya Abushiri bin Salim na Bwana Heri, Abushiri kunyongwa Pangani Desemba 1889, na Januari 1891 serikali ya Ujerumani kuichukua nchi mkononi mwa kampuni iliyoshindwa.

Ndipo wakaanza kupanda mlima. Franz Stuhlmann alizunguka Uluguru mwaka 1894 akikusanya mimea na kuchora ramani, na taarifa zake ziliufanya mlima uonekane Berlin kuwa mahali pa faida: hewa ya baridi, maji yasiyokauka, udongo wa kahawa. Walowezi wachache walijaribu kahawa. Wengine walichimba ulanga, yale madini yanayochanika kama karatasi na yasiyopitisha umeme, ukateremshwa mabegani mwa watu. Sheria ya kodi ya nyumba ya 1897 ilitaka rupia tatu kwa nyumba. Asiye na rupia alizifuata kwa mzungu, na huo ndio ulikuwa ujanja wenyewe wa kodi.

Kuhusu nani atawale, Wajerumani walitumia njia waliyoikuta pwani: akida juu ya majumbe. Akida wengi walikuwa watu wa Mrima, wajuao kusoma na kuandika, wavaao kanzu, na Waluguru waliwaona wageni sawasawa na mabwana zao. Mjini Morogoro walimtambua Kingo, wa nyumba ya Simbamwene, wakamwita sultani. Kwao jambo lilikuwa limekwisha. Kule juu wakuu wa koo wakaendelea kugawa mashamba bila kumwuliza sultani wala akida, na hakuna shauri la Kijerumani lililowahi kufika mahali pa kuuliza ni nani hasa anayempa mtu jembe na mahali pa kulima.

Mwaka 1905 jibu la mlima lilitokea pangoni. Kolelo alikuwa mzimu wa mvua na mavuno. Mwaka ule maneno yake yalibadilika. Mchungaji Martin Klamroth wa misheni ya Berlin aliyakusanya na kuyaandika baadaye kutoka kwa Wazaramo. Kolelo aliwakataza watu kulipa kodi ya Wazungu. Mafuriko makubwa yangekuja yawafagie wageni, ardhi ingewameza, bunduki zao zingetoa maji. Wakati huo huo Ngarambe, upande wa Rufiji, Kinjikitile Ngwale alikuwa akigawa dawa ya maji, na mwezi Julai Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba ya serikali, Vita vya Maji Maji vikawaka. Wasomi wamebishana mno juu ya uhusiano wa pango la Kolero na dawa ya Ngarambe. Mimi naona inatosha kusema kwamba watu waliokwenda kwa miaka mingi kuomba mvua mahali pamoja walikuwa tayari na njia za kupelekeana habari, na njia hizo hazikupita kwa jumbe wala kwa akida.

Uluguru yenyewe haikuwaka kama Umatumbi au Ungoni. Upande wa kusini, karibu na Kisaki, na magharibi kuelekea Kilosa na Vidunda, ndiko kulikotikisika zaidi. Lakini njaa iliyofuata, ambayo Wajerumani waliitengeneza kwa makusudi kwa kuchoma vyakula na mashamba, haikuuliza nani alipigana. Wajerumani walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Wanahistoria wa Kitanzania waliofanya kazi ya kuwahoji wazee katika miaka ya 1960 wametaja idadi inayozidi hiyo mara tatu na zaidi.

Vita vikiwa bado vinaendelea, reli ilikuwa njiani. Ujenzi ulianza Dar es Salaam Februari 1905, na mwisho wa 1907 garimoshi likafika Morogoro, umbali wa kilomita 209. Mji wa zamani wa Simbamwene ukamezwa na mji wa stesheni. Tambarare ikajaa mkonge na pamba, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia mashamba ya Wajerumani yakauzwa kama mali ya adui, mengi yakaangukia mikononi mwa Wagiriki na Wahindi. Kinachonifurahisha ni kwamba Mluguru hakupenda kazi ya mkonge. Akishuka, alishuka na ndizi na kuku wa kuuza, akapanda tena jioni. Kipande cha siku thelathini kiliachiwa manamba walioletwa kutoka mbali, Wanyamwezi, Wabena, Warundi. 

Huku juu serikali ya Kijerumani ilifanya jambo jingine ambalo halikupiga kelele. Mwaka 1909 ilitangaza misitu ya Uluguru kuwa hifadhi. Mstari ukapigwa, juu yake serikali, chini yake watu. Misitu ilikuwa na matambiko ya koo, makaburi, dawa na mawindo, na ilikuwa akiba ya mashamba ya wajukuu. Mkuu wa ukoo aliyekuwa na bonde linalopanda mpaka kileleni akaambiwa bonde lake linaishia pale kwenye alama. Kwa kumbukumbu za watu, ule mstari una uzito kuliko karatasi zote za Peters, kwa sababu huu waliuona.

Kisha Wazungu wakaja kupigana wao kwa wao. Mwanzoni mwa vita gavana Schnee aliihamishia serikali yake Morogoro, mbali na mizinga ya manowari za Waingereza. Tarehe 26 Agosti 1916 Jenerali Jan Smuts akaingia mjini, akakuta Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, ameshaondoka, amepita kuzunguka mlima kuelekea Kisaki. Smuts alituma majeshi pande zote mbili za Uluguru, upande wa Mgeta na upande wa Matombo, ili akutane naye kusini. Pale Kisaki, mwanzoni mwa Septemba, vikosi viwili vya Afrika Kusini vilifika kila kimoja kwa wakati wake, vikapigwa kimoja kimoja. Hizo ni habari za makamanda, na vitabu vyao vimejaa.

Habari ya wapagazi ni fupi katika vitabu na ndefu katika koo. Kila upande ulibeba vita vyake kichwani mwa mtu. Mizinga iliyookolewa kutoka manowari Königsberg, iliyozamishwa mtoni Rufiji mwaka 1915, ilikokotwa kwa kamba na mamia ya watu. Upande wa Waingereza peke yake wapagazi waliokufa katika vita vile vya Afrika Mashariki wanakadiriwa kufika karibu laki moja, wengi kwa kuhara na homa ya mapafu kuliko kwa risasi. Majeshi yote mawili yalikula vyakula vya mabonde yaliyopitia. Baadaye ikaja njaa, na mwisho wa 1918 homa ya mafua ya dunia nzima.

Waingereza walikuja na nadharia. Gavana Donald Cameron, aliyefika 1925, alitaka kila kabila litawaliwe na mtawala wake wa jadi, na sheria ya mwaka uliofuata ikawapa watawala hao mahakama, hazina na askari. Nadharia hii ilikuwa na adabu kuliko viboko vya akida, nakubali. Tatizo ni kwamba ilihitaji kila kabila liwe na mtawala. Maofisa wakapanda Uluguru na daftari wakamwuliza kila mzee: sultani wenu ni nani? Kila mzee akamtaja mkuu wa ukoo wake. Wakaandika majina mengi kupita kiasi. Mwisho mlima ukakusanywa, ukawekwa chini ya mamlaka ya wenyeji yenye sultani wa Waluguru wote, na kufikia miaka ya 1950 cheo hicho kilikuwa mkononi mwa Sabu bin Sabu. Alikuwa na ofisi, mshahara na makarani. Kitu ambacho hakuwa nacho ni ardhi, kwa maana ardhi yote tayari ilikuwa na wenyewe.

Hili lingeweza kuendelea kimya kimya kama si udongo. Mvua ya Uluguru ni nyingi na miteremko ni mikali, watu waliongezeka, na msitu wa 1909 ulikuwa umewafungia njia ya kupanda juu zaidi. Waingereza waliona maji ya Ruvu yakigeuka rangi ya matofali, na Ruvu ndio mto unaoipa Dar es Salaam maji. Hofu yao haikuwa ya uongo. Mwaka 1950 ukaanza Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Uluguru: kuchoma mashamba marufuku, miteremko mikali marufuku, na kila mlipa kodi achimbe matuta ya ngazi kwa kipimo alichopangiwa. Amri zilitoka kwa jina la sultani. Asiyechimba alitozwa faini au akafungwa.

Waluguru hawakuwa wageni wa kilimo cha mlimani. Sehemu za Mgeta walikuwa na ngazi zao: waliyalaza majani waliyopalilia kukinga mteremko, wakayafukia kwa udongo, na msimu uliofuata mstari mpya ukashuka kidogo, majani ya zamani yakishaoza na kuwa mbolea. Mabwana shamba hawakuipuuza kabisa njia hiyo, lakini tuta la serikali lilikuwa pana, la kina, la kudumu. Mgeta likapokelewa, kwa kunung'unika. Huko watu walikuwa na kabichi, njegere na viazi, mboga ambazo mbegu zake zililetwa na mapadri na Wajerumani; walikuwa na mifereji ya kumwagilia na soko mjini, na tuta lililipa jasho lake.

Matombo ni nchi nyingine. Udongo wa mashariki umeoshwa na mvua za bahari. Rutuba ni ngozi nyembamba juu ya udongo mwekundu usio na kitu. Ukichimba tuta la kina, unaifukia rutuba chini na kuupandisha ule mwekundu juu. Watu walichimba, wakapanda mpunga wa mlimani na mahindi, wakavuna majani ya njano. Kazi hiyo nzito, kwa sehemu kubwa, ilikuwa ya wanawake, ambao ndio waliokuwa na jembe siku zote na ambao kwa desturi ya Kiluguru ndio shina la ukoo.

Na hapo mti ule unarudi. Mtu asiye wa ukoo haruhusiwi kupanda mti kwa sababu mti huzaa madai. Sasa serikali inawakusanya watu wa koo mbalimbali na kuwaamuru wachimbe, katika shamba la fulani, kitu kitakachokaa miaka hamsini. Aliyekichimba atasema nini kesho? Na serikali iliyoamuru kichimbwe, kesho kutwa itasema nini? Mstari wa msitu ulikuwa unaonekana kutoka kila ua. Uvumi ukaenea kwamba Wazungu wanatengenezewa mashamba. Maofisa waliuita uvumi huo ujinga, wakaandika katika ripoti zao kwamba Waluguru ni wagumu wa kuelewa. Miaka michache kabla, 1951 na 1952, serikali hiyo hiyo iliwahamisha Wameru kwa nguvu huko Engare Nanyuki ili kuwapa walowezi ardhi, wakachomewa nyumba, na Japhet Kirilo akaenda hadi Umoja wa Mataifa, New York, kulalamika. Uvumi wa Matombo ulikuwa na mantiki kuliko ripoti.

Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo kuyakataa matuta. Mawe yakarushwa, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa. Serikali ikawatafuta wachochezi. TANU ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na ikawa rahisi kuitupia lawama. Kwa kinaya, mmoja wa watu kumi na saba walioianzisha TANU Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954 alikuwa Patrick Kunambi, Mluguru aliyesoma Makerere, ambaye pia alikuwa msaidizi wa Sultani Sabu. Kunambi alikuwa ndani ya utawala uliotoa amri na ndani ya chama kilichoshtakiwa kwa kuzipinga. Lakini wazee wa Matombo hawakuhitaji chama kuwaambia kwamba mpunga umekufa. TANU iliwakuta wamesimama tayari, kama ilivyowakuta wakulima wa Usambara na Usukuma waliochoshwa na amri za jembe, na kabla yao Wapare, walioigomea kodi ya mbiru toka 1945 hadi 1947.

Mpango ukaachwa. Serikali haikusema imeshindwa. Ilisema itashauri badala ya kulazimisha. Matuta ya Matombo yakabomoka kwa mvua za misimu michache, ya Mgeta yakabaki na kabichi zake. Sabu bin Sabu aliharibikiwa kuliko Waingereza: jina lake ndilo lililokuwa kwenye amri, na watu walimkumbuka kwa hilo. Mwaka 1963, serikali huru ilipofuta utawala wa machifu nchi nzima, usultani wa Waluguru ulikufa bila matanga. Kinole, cheo cha Kingalu kikaendelea kurithiwa, kwa sababu hakikutokana na sheria yoyote.

Tarehe 23 Februari 1970 mvua ya saa tatu hivi ilinyesha Mgeta, na zaidi ya maporomoko elfu moja ya ardhi yakatokea mara moja. Watafiti waliokwenda kuyahesabu waliona karibu yote yametokea kwenye mashamba na nyasi. Yaliyotokea ndani ya msitu hayakufika asilimia moja. Maofisa wa 1950 wangefurahi kuisoma hesabu hiyo. Mwaka 2008 misitu iliyotangazwa na Wajerumani ikaunganishwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, na kwenye pengo la Bunduki, kati ya msitu wa kaskazini na wa kusini, watu wanalima, na koo zinajua kila shamba ni la nani.